Likizo ya Kuhifadhi

Mwanetu wa kwanza alikuwa na miaka minane alipoacha kula chakula cha mchana nyumbani. Hakuna aliyeamua hivyo. Ilitokea tu kwamba akitoka shuleni alipitiliza kwa mwalimu wa tuisheni, aliyefundishia kibarazani kwake, na akitoka tuisheni alikwenda chuoni kusoma dini, na kati ya safari hizo mbili alikula maandazi aliyofungiwa na mama yake kwenye mfuko wa plastiki, akitembea. Jumamosi asubuhi alikuwa na ngoma ya shule. Jumapili alasiri alivuka ua kwenda kwa jirani yetu, mama mmoja mfanyakazi wa Bunge, ambaye kaka yake alimletea kinanda cha umeme kutoka ng'ambo, naye akawa anawakusanya watoto wa mtaa na kuwafundisha bure.

Tuliishi Nkuhungu. Nyumba bado zilikuwa zimeachana, na kiangazi vumbi liliingia hadi ndani ya kabati la vyombo. Jirani ndiye aliyenisemesha kwanza juu ya mambo haya, siku niliposimama kwenye uzio wake kumsubiri binti.

"Shemeji, dunia imefunguka," alisema. "Watoto wa siku hizi wasipojaribu kila kitu, watajuaje walichozaliwa nacho?"

"Na wakichoka?"

"Watoto hawachoki. Wanaochoka ni wazazi wa kuwasubiri."

Nilikubaliana naye, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukiishi sote. Miaka ile hukumkuta mtu mwenye kazi moja. Mimi nilikuwa mwandishi wa vikao vya halmashauri. Siku za kazi niliandika waliyoyasema madiwani, na Jumamosi nilikwenda Hombolo kwenye ekari yangu ya zabibu. Mke wangu alikuwa muuguzi, lakini nyuma ya nyumba alifuga kuku wa mayai, na wodini walimjua kwa trei kuliko kwa sindano. Mtu aliyekuwa na kazi moja tu tulimwonea huruma. Ofisini kwetu palikuwa na fundi wa mashine za kuchapa, hodari kabisa, aliyeweza kusikia herufi iliyolegea akiwa chumba cha pili. Kompyuta zilipokuja alipunguzwa kazi. Nilimkuta stendi akiuza soksi za mitumba, amezitundika mkononi.

"Mimi kaka nilisomea taipureta tangu nikiwa kijana," aliniambia, bila uchungu wowote. "Ningesomea na kushona, leo ningekuwa na cherehani."

Maneno yale yalinifuata hadi nyumbani. Nilimtazama binti yangu akivua viatu mlangoni, nikawaza ni kitu gani tena angeweza kuongezewa.

Yeye hakulalamika. Jioni alikaa mkekani, na sauti zote za siku zikaanza kumtoka. Alimtoa mwalimu wa tuisheni na Kiingereza chake, pamoja na kikohozi kilichokatiza sentensi. Alimtoa muadhini wa msikiti wa karibu, na alipotoa sauti ya mtangazaji wa redio anayesoma matangazo ya vifo, na majina ya ukoo yasiyokuwepo, mama yake alimkataza kwa ukali, kisha akageukia ukutani kucheka. Alipiga sinia la plastiki alilolibana kwa mapaja, kama kina mama wa Kigogo wanavyobana ngoma zao, na mikono yake midogo iligonga mapigo mawili tofauti kwa pamoja.

Kila aliyemfundisha alimdai. Mwalimu wa tuisheni alisema huyu ni wa shule za vipaji, kwamba tukiacha hayo mengine yote atafaulu vizuri sana. Mwalimu wa ngoma, mama wa Kigogo mwenye mwili mkubwa na mzaha mwingi, alinishika mkono kwenye mkutano wa wazazi.

"Huyu mwachieni mimi," alisema. "Miaka miwili tu, watu watasahau kama ni Mrangi."

Jirani naye alisema sikio kama lile huja mara moja katika mtaa. Mimi nilifurahi na kuingiwa na wasiwasi kwa wakati mmoja. Kila mmoja alitaka tumpunguzie mtoto mambo, ila apunguziwe yale ya wenzake.

Ndipo akaja baba mkubwa. Alikuwa kaka wa marehemu baba yangu, na alikuwa na chuo cha watoto katika kijiji chetu milimani, upande wa Kondoa. Alikuja Dodoma kutibiwa macho, akakaa kwetu wiki chache. Binti yetu ana jina la mama mzazi wa mzee huyo, na kwetu mwenye jina la mzazi wako ni mzazi wako. Kwa hiyo mzee yule mwenye ndevu nyeupe alipoingia ndani alimwinamia mtoto wa darasa la pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?" binti alijibu, kwa sauti ya kizee, kama ya huyo wa jina lake ambaye hakuwahi kumwona, na mzee akalazimika kukaa chini kwa kicheko.

Macho yake yalikuwa yamefungwa bandeji kwa siku kadhaa, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kusikiliza. Alasiri moja binti alirudi kutoka chuoni akawa anarudia somo lake uani, huku akiwatupia kuku mchele. Baba mkubwa aliniita. Alikuwa amekaa wima, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Hilo alilosoma amefundishwa lini?"

"Leo, nadhani."

"Leo," alirudia. "Na kabla ya chuo alikuwa wapi?"

Nikamweleza: shule, tuisheni, na mwisho wa wiki ngoma na kinanda.

"Mnamwonjesha," alisema. "Lini atakula?"

Alichotaka alikisema kesho yake, mbele ya mke wangu, kwa mpangilio. Mtoto aende naye Kondoa. Aache shule kwa miaka mitatu, aache yote, ahifadhi juzuu zote thelathini za Kurani moyoni. Umri ndio huu. Akivuka miaka kumi na mbili kichwa kinakuwa kimejaa mambo ya dunia. Akimaliza arudi, aendelee na shule alipoachia.

"Shule haitamngoja, baba," mke wangu alisema kwa adabu. Yeye ni mtu wa Tabora, na alimwita baba mkwe wake huyo kwa upole uliokuwa na ukuta ndani yake. "Akirudi ana miaka kumi na moja. Atakaa na watoto wa darasa la tatu, magoti yamegonga dawati?"

"Magoti si kitu. Atakuwa na kitu kimoja ambacho hakuna mtu atakayemnyang'anya. Nyie mna vitu vingapi ambavyo hamjanyang'anywa?"

Swali hilo lilinigusa mimi zaidi kuliko yeye. Zabibu zangu mwaka ule ziliingiwa na ukungu, na niligundua Jumamosi, wakati ugonjwa ulikuwa umeanza Jumatatu. Nilikuwa mkulima wa siku moja kwa wiki. Nilijua kidogo kuhusu dawa na kupogolea, na hicho kidogo hakikutosha. Nikamkumbuka fundi wa taipureta, nikaona hata yeye hakupotezwa na ujuzi mmoja. Alipotezwa na ujuzi uliotegemea mashine za watu. Kitu kilicho moyoni hakiwekwi stoo. Niliwaza hivyo siku mbili, siku ya tatu nikawaza kinyume chake. Nilikuwa hivyo mwezi mzima.

Lazima niseme pia kwamba baba mkubwa alikuwa na haja yake. Bondeni, chini ya kijiji, kilikuwa kimejengwa chuo kipya kwa msaada wa wafadhili, chenye bati na madawati, na mwanafunzi wake mmoja alikuwa ameshinda baiskeli kwenye mashindano ya kusoma. Wazazi walianza kuteremsha watoto kuwapeleka huko. Mzee alihitaji mtoto mmoja wa kuonyesha. Sikumlaumu. Soko huria lilikuwa limemfikia naye, kule juu kwenye mawe.

Mke wangu ndiye aliyepata njia. "Likizo ya mwezi wa sita inakuja," alisema. "Mpeleke kwa hiyo likizo tu, ukae naye. Akiweza, na akitaka, tutazungumza habari ya miaka mitatu. Kimojawapo kikikosekana, unarudi naye." Kisha akaniangalia. "Na mimi nitajua kama ni yeye aliyetaka au ni wewe."

Kwa hiyo nilichukua likizo yangu, tukaenda. Mtoto alijua kwa nini anakwenda. Mama yake alimweleza waziwazi huku akimsuka.

Chuo cha baba mkubwa kilikuwa chumba kirefu cha matofali ya tope, sakafu ya mikeka, milango miwili. Asiyewahi kukaa katika chuo cha namna ile atadhani ni vurugu. Kila mtoto ana mahali pake alipofika, na wote wanasoma kwa sauti, kwa pamoja, kila mmoja chake, wakiyumba mbele na nyuma. Mgeni husikia mvumo tu. Mwalimu husikia mtu mmoja mmoja. Baba mkubwa alikaa mbele akichonga mpini au akisuka kamba, na ghafla bila kuinua uso alinyoosha bakora yake ndefu ikamgusa begani mtoto wa safu ya tatu aliyeruka neno. Kanuni ya pale ilikuwa hiyo: soma kwa nguvu nikusikie, na wewe usimsikie mwingine. Watoto walijifunza kuziba masikio bila kuyashika. Wale wakubwa walikuwa wamezoea kiasi kwamba ungewaita kwa jina wasigeuke.

Siku za kwanza binti yangu alikwenda kwa kasi iliyowafanya wazee wa kijiji waje kusimama mlangoni. Asubuhi alipewa, alasiri alitoa, kesho yake alirudia ya jana bila kukwama. Baba mkubwa alitembea kama kijana. Mimi nilikuwa nimekaa nje na mdogo wangu, ambaye ndiye aliyebaki kijijini kulima, tukipukuchua mahindi. Moyoni nilikuwa nimeanza kupanga namna ya kumweleza mke wangu.

Wiki ya pili ugomvi ulitokea chuoni. Nilimsikia msichana wa rika la binti yangu, aliyekaa kando yake kwenye mkeka, akimlalamikia mlangoni wakati wa kunywa uji.

"Unaniibia."

"Nimekuibia nini?"

"Pahali pangu. Mimi bado sijafika, wewe umeshapasoma."

"Si unasoma kwa sauti? Soma kimoyomoyo."

"Nikisoma kimoyomoyo babu ananichapa. Wewe huchapwi, wewe mama yake."

"Basi niamkie."

Wengine wakacheka, na kuanzia siku ile wakamwita Kasuku. Nilidhani ni utani wa watoto. Lakini alasiri, baba mkubwa alipomwita mbele kutoa somo lake, nilisikia kilichotokea hata mimi nisiyehifadhi. Alianza vizuri, akafika mahali penye maneno yanayofanana na ya sura nyingine, akavuka. Hakukwama wala hakusita. Aliendelea kwa sauti ileile nzuri, ila alikuwa ameshaingia mahali pa yule binti wa kando yake, na kutoka hapo akavuka tena, akaingia mahali pa kijana mkubwa wa safu ya nyuma, mtoto wa mwashi, ambaye alikuwa amefika mbali sana.

Baba mkubwa alicheka mara ya kwanza. "Hiyo ya mtoto wa mwashi hiyo. Umeipata wapi?"

"Anaisoma kila siku, babu."

Siku ya pili hakucheka. Siku ya tatu alimsomesha mwenyewe uani, peke yake, na mtoto akasoma bila kosa. Akamrudisha ndani katikati ya wenzake, akavuka. Mtoto mwingine yeyote angekula bakora, na pengine angejifunza kuogopa sauti za wengine. Huyu hakuweza kuchapwa. Mzee alinyanyua fimbo, akaitazama, akaishusha.

"Siwezi kumchapa mama yangu," aliniambia tukiwa tumekaa kizingitini. "Na hawezi kuziba sikio. Anawasikia wote, na kila anachosikia kinakaa. Ni Dodoma hiyo. Mmemfungulia milango mingi, sasa haifungiki."

Sikuwa na hakika. Niliona mlango ule alizaliwa nao, sisi tuliupitishia mizigo tu. Lakini hilo sikulisema, kwa sababu alikuwa ameinuka na alitaka kunionyesha kitu.

Alinipeleka mwisho wa ua, kwenye chumba kidogo walimoweka mizinga ya nyuki na madebe matupu. Kilikuwa na tundu moja la hewa juu ukutani, la ukubwa wa tofali. Ndani palinukia nta na majivu.

"Mimi nilihifadhi hapa," alisema. "Baba alinitia humu nikiwa kama yeye. Miaka mitatu na zaidi kidogo. Nilitoka kuswali na kujisaidia. Uji ulikuja, somo lilikuja, mtu hakuja. Wenzangu walipochezwa jando, ngoma zao nilizisikia kupitia hilo tundu, na hata hizo baba aliniambia nisizisikilize." Alisema bila kujihurumia, kama mtu anayeeleza shamba linavyoandaliwa. "Tutatoa hayo madebe. Wanawake watasiriba kuta upya. Kwa sikio lake, humu ndani atamaliza kabla hata ya miaka mitatu."

"Na ulipotoka?"

"Nilipotoka nilikuwa nimehifadhi."

"Nauliza kazi, baba mkubwa. Kulima ulijifunza lini?"

Aliniangalia kama niliyemuuliza alijifunza lini kuruka. "Sijui kulima," alisema. "Baba yako alinilimia. Baada yake mdogo wako ananilimia. Hujui hilo?"

Nilijua. Nilikuwa nimelijua maisha yangu yote bila kulitazama. Kuna kipande cha shamba chini ya mlima, chenye udongo mzuri kuliko wetu, kinachoitwa shamba la mwalimu. Kila likizo nilipokuwa shuleni tulilipalilia lile kwanza, kabla ya letu, mimi na baba na mdogo wangu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mwenye shamba hayupo. Nilimtazama viganja pale kwenye kizingiti cha chumba. Vilikuwa laini kuliko vyangu mimi mtu wa kalamu. Katika mlima mzima ambao kila mkono una sugu, mikono yake ilikuwa kama ya mtoto, na hakuna aliyewahi kumcheka kwa hilo. Alipokuwa akisoma kwenye msiba, watu walioacha majembe yao walitulia kwa namna ambayo sijawahi kuiona kikaoni wala kanisani kwa jirani nilipokwenda harusini. Ukoo mzima ulikuwa umekubali kufanya mengi ili mmoja wao afanye moja. Hayo yalikuwa makubaliano, na yaliheshimiwa.

Nilikaa na jambo hilo mbele ya kile chumba, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze wasiwasi wangu ulipata umbo. Jirani na baba mkubwa walikuwa wakibishana mtoto afanye mengi au moja. Hakuna aliyekuwa ameuliza nani atamlimia. Mdogo wangu alikuwa na watoto wake na mgongo uliokwisha kuanza kumsumbua. Mdogo wa binti yangu alikuwa bado ananyonya. Mimi nilikuwa na ekari moja yenye ukungu. Na mjini hakuna shamba la mwalimu. Kila mtu ana mradi wake, amefunga mlango.

Jioni ile nilimchukua binti tukaenda hadi kwenye chemchemi, nikamweleza habari ya chumba. Nilijitahidi kumweleza kama mzee alivyoeleza, bila kumtisha. Alisikiliza huku akitupa vijiwe majini.

"Nataka kukaa," alisema.

Sikutegemea jibu hilo. "Kukaa chumbani?"

"Kukaa chuoni. Na wenzangu."

"Babu anasema chuoni na wenzako unavuka."

"Najua ninavuka. Nikivuka ninajua ni kwa nani." Akanitajia kwa sauti zao: wa mwashi yuko hapa, binti wa mkekani yuko pale, yule mwenye kigugumizi akisoma hagugumii. "Kule chumbani nitamsikia nani?"

"Utajisikia mwenyewe."

"Mimi bado sina kitu," alisema, akaokota kijiwe kingine.

Mke wangu alikuwa amenipa masharti mawili, aweze na atake. Sasa aliweza mahali asipotaka, na alitaka mahali asipoweza. Hapakuwa na njia ya tatu, na kama ilikuwepo mimi sikuiona. Asubuhi nilimwambia baba mkubwa kwamba tunarudi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na hasira haikuja. Alimwagiza mdogo wangu alete debe la asali, akalifunga mwenyewe kwa kamba, mafundo matatu, polepole.

"Sitakulaumu," alisema. "Ila ukifika usiseme alishindwa. Hakushindwa. Sema ulimchukua."

Kisha akamwinamia mtoto, akamwamkia, na yeye safari hii hakuitikia kwa utani. Alilia mpaka barabarani.

Wiki za baadaye zilikuwa mbaya. Mtoto aliyekuwa akileta sauti zote nyumbani hakuleta hata moja. Alikwenda shule akarudi. Tuisheni alikataa, kinanda alikataa, na mwalimu wa ngoma alipokuja mwenyewe hadi mlangoni kumwuliza kama amekuwa shehe, hakutabasamu. Mke wangu alisema tumwache. Nilimwacha kwa mdomo tu. Kwa macho nilimfuata kila mahali. Niliwaza tumempokonya kimoja na kumharibia vingi. Usharika wa jirani ulitoa watoto kwenda kuimba Morogoro, na binti alisimama kwenye uzio akatazama gari likiondoka, na sikuweza kujua anaona wivu au hapana, na sikuthubutu kumwuliza.

Ulipokuja muhula wa mwisho alirudi chuoni, kile cha mtaani, mwenyewe, bila kuambiwa. Baadaye alirudi kwenye ngoma. Vingine hakuvirudia, nasi hatukuongeza. Hilo halikunituliza kama mtu anavyoweza kudhani. Watoto wa jirani walihamia shule ya Kiingereza yenye basi, wakajua kuogelea, wakajua karate, na mimi nilihesabu moyoni kila walichojua.

Mwaka uliofuata baba mkubwa alimtia chumbani mtoto wa mdogo wangu. Alikuwa kijana mtaratibu, asiye na sikio la ajabu, na alichukua zaidi ya miaka mitatu. Alipomaliza tulialikwa sote. Walichinja, wakapika pilau kwenye mapipa, na hata watu wa chuo cha bondeni walipanda mlima kuja kusikiliza. Baba mkubwa macho yalikuwa yamekwisha kabisa. Alikaa mbele, kichwa upande mmoja kama alivyokaa nyumbani kwangu na bandeji, na kijana akasoma. Alisoma vizuri sana. Hakuvuka mahali popote. Nilimtafuta binti yangu, aliyekuwa amevunja ungo tayari na kukaa na wanawake, nikaona midomo yake inakwenda pamoja na ya kijana, ikaendelea kwa muda mrefu, kisha ikasimama, na akabaki ametulia akimsikiliza hadi mwisho.

Baada ya kula mdogo wangu alinivuta pembeni. Alikuwa na furaha, na mgongo umepinda.

"Kaka, wewe uko mjini unajua watu," alisema. "Shule gani itampokea? Aliacha darasa la tatu, na sasa ndevu zinakaribia."

"Hatakaa hapa na chuo?"

"Chuo kitamlisha nini? Watoto wamebaki kumi. Na shamba la mwalimu mimi siliwezi tena. Nimemwambia baba mkubwa mwaka huu nililima nusu."

Nilimwambia nitaulizia. Niliulizia kweli, na ilichukua muda mrefu, na hiyo ni habari ya kijana yule, si yangu kuisimulia.

Tulirudi Dodoma kwenye pikapu ya mfanyakazi mwenzangu, mke wangu mbele na mtoto wetu mdogo, mimi na binti nyuma tumeegemea magunia. Tulipopita Haneti alinigeukia.

"Baba, mimi ningeweza?"

Ningeweza kusema sijui. "Ungeweza," nilisema.

"Kabla yake?"

"Kabla yake."

"Sasa kwa nini ulinichukua?"

Nikaanza kumweleza. Nilianza na shamba la mwalimu, na viganja vya babu yake, na mgongo wa baba yake mdogo, nikamweleza habari ya fundi wa taipureta ambaye hakuwahi kumwona, na ukungu wa zabibu, na alichoniambia mwenyewe pale kwenye chemchemi, ambacho alisema hakikumbuki. Upepo ulikuwa unachukua nusu ya maneno, ikanibidi kurudia mengine. Alikuwa amekunja miguu, ananitazama mdomoni kama alivyokuwa akiwatazama walimu wake wote, na taa za kwanza za mjini zilipoonekana nilikuwa bado sijafika mwisho, na yeye alikuwa bado anangoja.